Volatile, kuzima makatizo, atomiki, kufuli au foleni: kipi kilinde kihesabu chako?

254, 511, 257. Namba hizo tatu zilifuatana kwenye rekodi za kifaa nilichokifunga kwenye bomba la tangi la maji nyumbani. Kilikuwa kihisi cha mtiririko cha YF-S201, kinachotoa takriban mapigo 450 kwa kila lita, nami nilikiunganisha na ubao wa Arduino Uno. Maji hayapiti bombani kisha yakarudi. Nyaya nilizikagua, kihisi nikakibadilisha, umeme nikaupima. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa msimbo, unaosoma kigeu nilichokitangaza kwa neno `volatile`, neno ambalo niliamini linatosha.

Uno yangu inatumia chipu ya ATmega328P, ambayo ni ya biti 8. Kihesabu changu kilikuwa cha biti 16, yaani baiti mbili, na chipu haiwezi kuzisoma kwa mkupuo mmoja. Inachukua ya chini, halafu ya juu. Hesabu ikiwa 255, baiti ya chini ni 255 na ya juu ni 0. Lupu kuu ikasoma ya chini, ikapata 255. Kabla haijaigusa ya juu, pigo likaingia kutoka kwenye kihisi, katizo (ishara inayoisimamisha chipu kwa muda ishughulikie tukio) likafyatuka, na fanksheni yake ikaongeza hesabu hadi 256: sasa ya chini ni 0, ya juu ni 1. Lupu ikaendelea pale ilipoachia, ikachukua ya juu, 1. Unganisha nusu ya zamani na nusu mpya, unapata 256 + 255, ndiyo 511. Ni namba ambayo kihesabu hakikuwa nayo wakati wowote.

Hii ndiyo hali ya mashindano: matokeo yanategemea nani kawahi. Na ugumu wake uko kwenye uhaba wake. Chipu inakwenda kwa MHz 16, na amri ya kusoma baiti moja huchukua mizunguko 2, kwa hiyo mlango wa hatari hukaa wazi kwa nanosekunde 125 tu. Maji yakipita kwa lita 30 kwa dakika, mapigo ni 225 kwa sekunde, na baiti ya chini hujaa na kurudi sifuri kila baada ya sekunde 1.1 hivi. Ukisoma kihesabu mara moja kwa sekunde, kosa litatokea kwa wastani mara moja katika siku 105. Ukisoma mara 10,000 kwa sekunde, litatokea kila robo saa. Programu ni ile ile.

Kwa hiyo neno "nimeijaribu, inafanya kazi" halina uzito hapa. Mashine ya tiba ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya Kanada ya AECL, iliwapa wagonjwa sita mionzi ya kupita kiasi kati ya 1985 na 1987, na baadhi yao walifariki. Kosa mojawapo lilijitokeza pale tu mhudumu aliporekebisha taarifa kwenye skrini ndani ya sekunde 8, wakati sumaku za mashine zilikuwa bado zinajipanga. Aliyeandika polepole hakuliona. Waliolifikia ni wahudumu waliokwisha kuzoea kazi na vidole vyao vikawa vyepesi.

Zipo njia tano za kulinda kigeu kinachotumiwa na zaidi ya mmoja. Hazilingani, na nyingine hazifai kabisa kwenye baadhi ya chipu.

`volatile` peke yake

Neno hili linaiambia kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za chipu, jambo moja: usidhani unaijua thamani ya kigeu hiki, kila nikikitaja nenda kumbukumbuni. Bila neno hilo kompaila inaweza kukiweka kigeu kwenye rejista, kihifadhi kidogo ndani ya chipu, na lupu inayosubiri bendera igeuke ikazunguka milele. Kwa hiyo linahitajika. Lakini halifungi mlango wowote. Halifanyi baiti mbili zisomwe pamoja, wala halifanyi `hesabu++` kuwa tendo moja. Bado ni kusoma, kuongeza, kuandika. Kiwango cha C++20 kilifikia hatua ya kuitangaza `++` juu ya kigeu cha `volatile` kuwa ya kuachwa, na nyaraka za kernel ya Linux zina waraka mzima unaowaonya wachangiaji dhidi ya kutumia `volatile` mahali pa kufuli.

Litumie peke yake yakikutana mambo matatu: kiini kimoja (sehemu ya chipu inayotekeleza amri), kigeu ambacho chipu inakisoma kwa amri moja (baiti moja kwenye AVR, familia ya chipu ya Uno yangu, hadi baiti nne kwenye ARM ya biti 32), na mwandishi mmoja. Likikosekana moja kati ya hayo, hama.

Kuzima makatizo kwa muda

```c
uint16_t nakala;
ATOMIC_BLOCK(ATOMIC_RESTORESTATE) {
    nakala = hesabu;
}
```

Kwenye AVR sioni sababu ya kutafuta kingine. Gharama yake haifiki mikrosekunde moja. Pigo likiingia katika muda huo halipotei, kwa kuwa chipu inainua bendera na kulihudumia mara makatizo yakifunguliwa. Yanayopotea ni ya pili na kuendelea, maana bendera ni moja tu. Kwa mapigo 225 kwa sekunde, ambayo yameachana kwa milisekunde 4.4, hilo halitatokea ndani ya mikrosekunde. Hata `millis()` ya Arduino yenyewe inafanya hivi: inazima makatizo, inanakili baiti nne za saa, inarudisha hali ya awali.

Sheria ni kunakili ndani na kufanya kazi nje. Nimeona watu wakiweka hesabu ya desimali na uandishi wa skrini ndani ya mabano hayo. Kwa kasi ya baud 9600, herufi moja kwenye mawasiliano ya serial huchukua kama milisekunde moja kutoka. Ukizima makatizo huku unasubiri herufi ishirini zitoke, umepoteza mapigo matatu au manne.

Ndani ya njia hii kuna uchaguzi mdogo unaosahaulika. Wengi huandika `cli()` mwanzoni na `sei()` mwishoni, au `noInterrupts()` na `interrupts()`. Jozi hizo hufungua makatizo mwishoni hata kama aliyekuita alikuwa ameyafunga kwa makusudi. Fanksheni yako ikiitwa kutoka ndani ya katizo jingine, umemfungulia mwenzako mlango akiwa katikati ya kazi. `ATOMIC_RESTORESTATE` inakumbuka hali ilivyokuwa na kuirudisha ilivyo. Chagua hiyo kila mara.

Atomiki

Njia ya kuzima makatizo inavunjika mara ukinunua ubao wenye viini viwili. ESP32 ya kawaida ina viini viwili vya Xtensa LX6 vinavyokwenda hadi MHz 240, na kwenye mazingira ya Arduino kazi za Wi-Fi hukaa kiini 0 na `loop()` yako kiini 1. Kuzima makatizo kunazima ya kiini kimoja tu. Kile kingine kinaendelea kuandika.

Fikiria duka lenye wauzaji wawili na daftari moja la hesabu. Wote wanatazama kwa wakati mmoja, wanaona 41. Kila mmoja ameuza kimoja, kila mmoja anaandika 42. Vimeuzwa viwili, daftari limeongezeka kimoja. Hakuna namba ya ajabu kama 511 ya kukushtua. Kuna upungufu wa kimyakimya. Kwa maoni yangu hiyo ni mbaya zaidi.

`std::atomic<uint32_t>` na `fetch_add(1)` hufanya kusoma, kuongeza na kuandika kuwa tendo moja lisilogawanyika. Kwa kihesabu kimoja hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote, na inafaa pia ndani ya katizo. Ila ina mitego mitatu.

Wa kwanza: atomiki inalinda tendo, hailindi nia yako. Ukiandika `n = hesabu; hesabu = 0;` kila tendo ni salama peke yake, lakini pigo likiingia katikati yake limefutwa. Tumia `exchange(0)`, inayochukua na kufuta kwa pamoja. Wa pili: haifungi vigeu viwili pamoja. Ukitaka hesabu na muda wa pigo la mwisho vilingane, atomiki mbili hazikupi hilo. Wa tatu: ukubwa. Biti 32 ESP32 inazimudu kwa amri zake yenyewe; ukipanda hadi biti 64, kompaila inaita maktaba inayotumia kufuli kisirisiri. Chipu ya RP2040 iliyo kwenye Raspberry Pi Pico haina amri hizo kabisa kwenye viini vyake viwili vya Cortex-M0+. Badala yake imepewa makufuli 32 ya maunzi. Na kwenye AVR ya Arduino, maktaba ya kawaida ya C++ haiji na kifurushi, kwa hiyo `<atomic>` huipati.

Kuna pia suala la nani anaona nini kwanza. Ukiandika data, kisha ukainua bendera ya kusema data iko tayari, kompaila ina ruhusa ya kuvibadilisha nafasi, na prosesa za ARM zenye viini vingi, kama ya Raspberry Pi 4, zinaweza kuionyesha bendera kwa kiini kingine kabla data haijaonekana. Prosesa za x86 huheshimu mpangilio wa maandishi mawili yanayofuatana, na hapo ndipo msimbo uliofanya kazi miaka kumi kwenye kompyuta ya mezani unapoanguka ukihamishiwa ARM. Dawa ni kuandika bendera kwa `memory_order_release` na kuisoma kwa `memory_order_acquire`. Kama huna uhakika, acha mpangilio wa msingi ambao `std::atomic` huja nao. Ni mkali kuliko yote na gharama yake kwenye kazi kama hizi hutaihisi.

Kufuli

Kufuli humruhusu mmoja tu kwa wakati kugusa data. Yapo ya aina mbili, na kuyachanganya ni kosa la kila siku. La kwanza ni la kuzunguka: anayelikuta limefungwa anazunguka papo hapo akiliangalia. Kwenye ESP32 unalipata kwa `portENTER_CRITICAL`, ambayo pia inazima makatizo ya kiini chako. Linafaa kwa mistari miwili mitatu, na ndilo ningelichagua kwa ile jozi ya hesabu na muda.

La pili ni lile ambalo FreeRTOS, mfumo mdogo unaogawa muda wa chipu kati ya kazi mbalimbali za programu, inaliita myuteksi: anayelikuta limefungwa analazwa, kiini kikafanya kazi nyingine. Hili ni la kazi kwa kazi, kwa mfano kazi mbili zinazoandika kwenye kadi moja ya SD. Haliingii ndani ya katizo, kwa sababu katizo haliwezi kulala.

Ukilihitaji, unda myuteksi halisi, usitumie semafori ya hali mbili (bendera ya kusubiriana) eti kwa kuwa zinafanana kwa sura. Tofauti yake ilionekana kwenye Mars mwaka 1997. Chombo cha Mars Pathfinder kilikuwa kinajiwasha upya mara kwa mara kwa sababu kazi ya daraja la chini, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilishika kufuli ambalo kazi ya daraja la juu ilikuwa inalihitaji, na kazi za daraja la kati zikaendelea kuichelewesha ile ya chini. Wahandisi waliwasha, kutoka Dunia, chaguo la kumrithisha mshika kufuli daraja la anayemsubiri. Myuteksi ya FreeRTOS ina urithi huo. Semafori haina.

Foleni

Hapa hakuna daftari la pamoja. Katizo linaandika ujumbe na kuuweka kwenye foleni kwa `xQueueSendFromISR`. Kazi moja inapokea na ndiyo pekee inayomiliki hesabu. Ukiniuliza, mradi wowote wenye kazi zaidi ya mbili uanzie hapa. Unaposoma msimbo baada ya mwaka unajua nani anamiliki nini, jambo ambalo kwa makufuli inabidi ulitafute. Bei yake ni kumbukumbu, muda wa kunakili, na swali ambalo lazima ulijibu mapema: foleni ikijaa, ujumbe upi utupwe? Kwa mapigo ya maji nisingetuma kila pigo. Ningehesabu kwa atomiki, kisha nikatuma jumla kila sekunde.

| Hali yako | Ningechagua | Nisingechagua |
|---|---|---|
| AVR, kigeu cha zaidi ya baiti moja | `ATOMIC_BLOCK` | `volatile` peke yake |
| ESP32, kihesabu kimoja | atomiki ya biti 32 | `noInterrupts()` |
| ESP32, vigeu viwili vinavyopaswa kulingana | `portENTER_CRITICAL` | atomiki mbili |
| Kazi mbili, kifaa kimoja cha polepole | myuteksi | kufuli la kuzunguka |
| Kazi nyingi, data zinazosafiri | foleni | kigeu cha wote |

Mpangilio ndani ya mstari mmoja

Sasa kuna ugonjwa wa pili ambao hakuna kati ya dawa hizo tano inayoutibu, na watu huuchanganya na ule wa kwanza kwa kuwa dalili zinafanana. Mstari huu umejaa kwenye msimbo wa vihisi vya I2C, njia ya nyaya mbili ya kuwasiliana na vihisi:

```c
int16_t joto = Wire.read() << 8 | Wire.read();
```

Nia ni kuchukua baiti ya juu kwanza, kisha ya chini. Lakini lugha ya C haisemi upande upi wa `|` utangulie. Kompaila ikianza na wa kulia, baiti zimebadilishana na joto la nyuzi 25 limekuwa upuuzi. Hakuna katizo, hakuna kiini cha pili, na kufuli halisaidii. Hoja za fanksheni nazo ni hivyo hivyo: GCC kwenye x86 mara nyingi huanza na ya kulia, Clang huanza na ya kushoto, na zote mbili ziko sahihi kisheria.

Wapo wanaosema C++17 ilimaliza jambo hili. Iliweka mpangilio kwa `<<`, kwa `=` na kwa vingine vichache; `|` na `+` haikuzigusa, na hoja za fanksheni bado hazina mpangilio maalum. Java hutathmini kutoka kushoto kwenda kulia, na lugha ya Rust hufanya hivyo kwa semi nyingi. Go inapanga miito ya fanksheni kutoka kushoto, lakini haisemi usomaji wa kigeu cha kawaida utangulie mwito ulio jirani yake au uufuate. Kwenye C, vinavyokuhakikishia kwamba kushoto kutatangulia ni `&&`, `||`, alama ya `?` na mkato wa kuunganisha semi. Vingine vyote, vunja mstari:

```c
uint8_t juu = Wire.read();
uint8_t chini = Wire.read();
```

Haigharimu kitu. Kompaila itatoa amri zile zile.

Kwenye ATmega328P, mpangilio una uzito hata bila fanksheni. Datashiti inataka rejista ya ADCL isomwe kabla ya ADCH (baiti ya chini na ya juu za kipimo cha analogi), kwa sababu kuisoma ADCL kunafunga matokeo hadi ADCH isomwe. Anayeandika `ADCH << 8 | ADCL` anaiachia kompaila uamuzi ambao si wake. Na kwenye rejista za saa za biti 16 magonjwa yote mawili hukutana: TCNT1, yenye hesabu ya saa, husomwa kupitia rejista moja ya akiba inayoshirikiwa. Ukisoma TCNT1, baiti ya chini ikatangulia, kisha katizo likaingia na kuitumia rejista hiyo ya akiba, baiti yako ya juu imefutwa kabla hujaichukua. Hapo unahitaji mpangilio sahihi na makatizo yaliyozimwa, vyote viwili.

Rust inastahili kutajwa kwa upande mmoja: kompaila yake inakataa kukupa kigeu cha pamoja kati ya nyuzi mbili (njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba) bila ulinzi, na programu haijengeki. Inazuia mgongano wa data. Ile `n = hesabu; hesabu = 0;` ya atomiki itaipitisha bila neno.

Kulifanya kosa lije mezani

Usisubiri siku 105. Kwa muda wa majaribio, vunja usomaji mwenyewe: soma baiti ya chini, weka `_delay_us(500)`, soma ya juu. Mlango wa nanosekunde 125 sasa ni wa mikrosekunde 500, mara elfu nne, na ubao wa pili unaotoa mapigo 225 kwa sekunde utakuonyesha namba kama 511 baada ya kama dakika 38 kwa wastani, ukisoma mara moja kwa sekunde. Weka ulinzi uliouchagua kuzunguka mistari hiyo yote, delei ikiwa bado ndani. Namba za ajabu zikikoma, ulinzi umeziba mlango. Zikiendelea, umechagua njia isiyo ya chipu yako. Kwa programu za Linux, jenga kwa `-fsanitize=thread` kwenye GCC au Clang. Programu itakwenda polepole mara 5 hadi 15, na itakutajia mistari miwili inayogongana na nyuzi zilizokuwa zinaitekeleza.